Ampu ya gitaa ya tyubu uliyojenga mwenyewe inavuma? Mwongozo kamili wa kusaka kelele

Umemaliza kujenga ampu, umewasha, tyubu zimewaka rangi ya chungwa safi kabisa, alafu spika inatoa mmmmmm hata kabla hujachomeka gitaa. Watu wengi hapo wanakimbilia kununua tyubu mpya, ikishindikana wanabadilisha kapasita zote, pesa imeisha na mvumo upo palepale. Mi msimamo wangu ni huu: ampu iliyojengwa nyumbani ikipiga kelele, mara nyingi kifaa hakina shida, shida ni waya umepitia wapi na graundi imeungwa wapi, na hiyo haiuzwi dukani. Kwahiyo kabla ya kushika pasi ya kulehemu inabidi ujue kelele inakaa sehemu gani ya saketi, na kuna njia ya kujua bila kubahatisha.

Mfano wangu utakuwa Champ 5F1 ya Fender, ile ndogo ya miaka ya 1950, kwasababu ndo saketi ambayo wajenzi wengi wanaanzia nayo. Ina tyubu tatu tu: 12AX7 moja inayokuza sauti kwa hatua mbili (ndani yake ina tyubu mbili kwenye glasi moja), 6V6GT ya kusukuma spika, na 5Y3GT ambayo ni rektifaya, yaani inageuza AC kuwa DC. Kama yako ni kubwa zaidi, yenye tyubu mbili au nne za pawa, mbinu ni zilezile, sehemu za kuangalia tu ndo zinaongezeka.

Kwanza usife

Hii sehemu usiiruke. Ndani ya chasisi (lile boksi la metali lenye saketi) kuna DC ya volti 300 mpaka 400 na zaidi, na kapasita za filta, zile zinazochuja hiyo DC, zinabaki na chaji hata ukishachomoa waya ukutani. Chukua rezista ya kilo-ohm 10 ya wati 5, iunganishie waya wenye klipu za mamba pande zote mbili, ifunike vizuri kwa mpira wa kuzuia umeme. Zima, chomoa plagi, shika klipu moja kwenye chasisi, nyingine kwenye chanya ya kapasita ya kwanza, subiri sekunde kadhaa, alafu PIMA kwa mita uone imeshuka mpaka volti chache. Usiamini kwamba imeisha, pima. Mimi napenda kuacha rezista ya kilo-ohm 220 ya wati 2 imefungwa moja kwa moja kwenye hiyo kapasita ya kwanza ili ijimwage yenyewe kila ukizima, ila hata ukiwa nayo bado unapima.

Ukiwa unapima ampu ikiwa imewashwa, mkono mmoja uko mfukoni au nyuma ya mgongo, graundi ya mita umeibana kwa klipu, mkono mwingine ndo unashika ncha ya mita. Viatu miguuni. Usiwashe ampu ya tyubu bila spika, transfoma ya spika inaweza kuungua.

Na ethi, ule waya wa usalama unaoishia ardhini. Waya wa kijani na njano unaotoka kwenye plagi ya pini tatu unaenda kwenye bolti yake peke yake kwenye chasisi, rangi imekwanguliwa mpaka chuma cheupe, na washa yenye meno. Bolti ya transfoma usiitumie kwa kazi hiyo. Kuna ushauri unazunguka kwamba ukikata ethi mvumo unapungua. Ni kweli wakati mwingine unapungua, na ni kweli pia kwamba siku transfoma ikivuja, nyuzi za gitaa zitakuwa na volti 230 na wewe umezishika huku mdomo uko kwenye maiki ya chuma. USIKATE. Kama unafuata mchoro wa zamani wa Marekani utakuta kuna kapasita inatoka kwenye waya wa umeme kwenda kwenye chasisi, hiyo usiiweke kabisa, enzi zile plagi zilikuwa za pini mbili ndo maana iliwekwa.

Kitu kingine, nyumba zetu nyingi tundu la ethi kwenye soketi lipo ila nyuma yake hakuna kitu, fundi wa wiring hakufukia fimbo au waya ulishaliwa na kutu. Ampu ikiwa kwenye soketi ya hivyo inaweza kuvuma na usipate kosa lolote ndani ya chasisi. Mwite fundi umeme aipime kabla hujaanza kufungua ampu.

Sikiliza kelele yenyewe ni ya aina gani

Hapa watu wanaharakisha na ndo penye nusu ya jibu. Umeme wetu ni hertz 50. Kelele inayoingia moja kwa moja kutoka kwenye AC (waya za hita zinazopasha tyubu joto, sumaku ya transfoma, pikapu ya gitaa) inasikika kwenye 50. Kelele inayotokana na DC ambayo haijachujwa vizuri inakuwa mara mbili yake, 100, kwasababu rektifaya inakunja pande zote mbili za wimbi.

Unatofautishaje bila vifaa? Chukua gitaa lako lingine, au hilohilo bila kulichomeka, piga uzi wa sita mkubwa kwenye freti ya tatu. Hiyo ni nota ya G, hertz 98. Kama mvumo wa ampu unakaribia kulingana na hiyo nota, uko kwenye 100 na unaanza kushuku kapasita za filta na graundi. Kama uko oktava nzima chini yake, ni 50, unaanza kushuku waya za hita na transfoma. Aliyeko Marekani au Kanada umeme wake ni hertz 60, kwahiyo yeye atafute chini kidogo ya B ya freti ya pili uzi wa tano, hiyo ndo 120 yake. Kwenye simu pia kuna programu za bure za kuonyesha masafa ya sauti, zinasaidia, ila maiki za simu nyingi zinakata sauti za chini sana kwahiyo 50 inaweza isionekane hata kama ipo.

Kelele nyingine hazihitaji kipimo. Kuna ssss ya muda wote, kuna krk krk inayokuja na kuondoka, kuna mluzi, kuna ile put-put-put kama bodaboda imesimama bila kuzimwa, na kuna "ting" ukigusa tyubu. Kila moja nitaigusa chini.

Alafu weka mita kwenye AC, skeli ya milivolti, pima kwenye waya za spika ukiwa hujapiga kitu, andika namba. Kila ukibadilisha kitu unapima tena. Sikio linadanganya sana kwenye kelele, ukishatumia saa tatu na pasi ya kulehemu utasikia kwamba imepungua kwasababu unataka iwe imepungua.

Hatua ya 1: Chomoa gitaa

Chomoa waya wa gitaa kwenye ampu. Jeki za kuingizia za Fender zina swichi ndani yake, ukichomoa waya zinaunganisha njia ya sauti na graundi. Kama kelele imekufa, ampu yako haina kosa, tatizo ni gitaa, waya, pedali au chumba. Pikapu ya koili moja inavuta mvumo kiasili, ligeuze gitaa taratibu huku unasikiliza, utapata upande ambao mvumo unakaribia kupotea, hiyo ni sumaku ya hewani na huwezi kuimaliza ndani ya ampu.

Chumba nacho kina mengi: dima ya taa, taa za LED za bei rahisi, chaja za simu, adapta ya pedali isiyochuja vizuri. Simu juu ya ampu nayo, ile dududu-dududu kabla haijaita. Mwenye umeme wa sola, kama inverta yako ni ya yale mawimbi ya ngazi na sio sine halisi, ampu itazomea kwa sauti kali ya juu na hakuna utakachobadilisha ndani ya chasisi kikaitoa yote. Jaribu ampu kwenye umeme wa gridi kwa jirani kwanza.

Kama hiyo swichi ya jeki hukuiunga (wengi wanaisahau, wanatumia jeki ya kawaida), ampu itavuma ukichomoa waya na kunyamaza kidogo ukichomeka. Hiyo ni jeki tu.

Hatua ya 2: Volyumu sifuri

Shusha volyumu mpaka mwisho. Kwenye 5F1 volyumu inakaa katikati ya nusu ya kwanza na nusu ya pili ya 12AX7. Ikiwa sifuri, kila kitu cha kabla yake kimefungwa mdomo. Kelele ikiisha, inatokea kwenye jeki, waya wa kuingia, au nusu ya kwanza ya tyubu. Ikibaki vilevile, inatokea baada ya volyumu. Tayari umeshakata ampu vipande viwili na hujagusa kitu.

Hatua ya 3: Toa tyubu

Zima, subiri ipoe, toa 12AX7, washa tena. Kelele ikiisha iko kwenye 12AX7 au mazingira yake. Ikibaki, iko kwenye 6V6, kwenye pawa sapulai, au kwenye transfoma.

Sasa zima tena, mwaga chaji, toa 6V6, na hapa sikiliza vizuri: toa na 5Y3 pia. Ukiacha rektifaya ndani wakati hakuna tyubu inayokula umeme, volti za DC zinapanda mpaka kilele. Transfoma ya 325-0-325 inaweza kufika karibu volti 460 na kapasita zako zimeandikwa 450. Washa ukiwa umetoa zote tatu. Kama bado spika inavuma ujue hakuna saketi yoyote inayofanya kazi, ni transfoma ya umeme inaimwagia sumaku transfoma ya spika. Na kama ni mtetemo unaousikia kwenye chasisi yenyewe na sio kwenye spika, kaza bolti za transfoma.

Kama ni transfoma

Dawa ni kuzigeuza. Viini vya transfoma mbili vinatakiwa vikae nyuzi 90, koili ya moja isitazame koili ya nyingine, na umbali uwe mkubwa kadiri chasisi inavyoruhusu. Njia nzuri kuliko zote ni kufanya hivi kabla hujatoboa matundu: transfoma ya umeme unaiwasha peke yake, waya zake za volti kubwa zote umezifunika kila mmoja peke yake, transfoma ya spika umeiweka juu ya chasisi bila kuifunga, na upande wake wa spika umechomekea hedifoni. Izungushe taratibu. Utasikia mvumo unapanda, unashuka, unafika mahali unakaribia kupotea kabisa, na ukipitiliza nyuzi chache tu unarudi. Weka alama kwa penseli hapohapo, toboa. Chasisi ya chuma inaweza kusambaza hiyo sumaku, ya alumini haiisambazi.

Na kama umeokota transfoma kutoka kwenye ampu ya Marekani: mbali na kwamba inataka volti 120, ile iliyotengenezwa kwa hertz 60 tu ukiitumia kwenye 50 kiini kinashiba haraka, inachemka na inavuma. Tafuta iliyoandikwa 50/60.

Kama mvumo ni 50: waya za hita

Hita za 6V6 na 12AX7 zinakula volti 6.3 AC, na kwa 5F1 ni kama ampia 0.75 jumla (6V6 inakula 0.45, 12AX7 inakula 0.3 ukiunga pini 4 na 5 pamoja upande mmoja, pini 9 upande mwingine). Hiyo ni AC inapita pembeni kabisa ya gridi, yaani mguu wa tyubu unaopokea sauti, na kila kinachoingia hapo kinakuzwa.

Zima, angalia. Waya mbili za hita zimesokotwa pamoja kwa kukaza mpaka kwenye pini za soketi? Zinapita kwenye kona ya chasisi, au zinakatiza juu ya rezista na kapasita? Zikikutana na waya wa sauti, zinakatiza kwa msalaba au zinatembea pamoja? Kusokota kunafanya kazi kwasababu sumaku ya waya mmoja inafuta ya mwenzake, ukiacha sentimita tatu zimeachana karibu na pini 2 ya 12AX7 umeshapoteza faida.

Cha pili ni kwamba hita lazima ziwe na rejea kwenye graundi. Ampu nyingi za zamani waya mmoja wa hita uliungwa kwenye chasisi basi, na ukifuata mchoro huo utapata mvumo. Kama transfoma yako ina waya wa katikati wa hita, huo uende graundi. Kama haina, weka rezista mbili za ohm 100, moja kutoka kila upande kwenda graundi, moja ama nyingine sio zote mbili. Pima AC kutoka kila upande kwenda kwenye chasisi, unatakiwa upate kama volti 3.15 na 3.15. Ukipata namba za ajabu ajabu, sifuri huku na 6 kule, rezista moja imeungua au haijashika, na hilo ni kosa la kawaida sana kwasababu tyubu ya pawa ikipiga shoti ndani, hizo rezista ndo zinakufa kwanza, wewe unabadilisha tyubu na kushangaa kwanini ampu imeanza kuvuma.

Ukitaka kwenda mbele zaidi, badala ya kuunga katikati ya hita kwenye graundi iunge kwenye kathodi ya 6V6 (sehemu ya tyubu inayotoa elektroni), pini 8, ambapo kuna DC ya volti kama 20 hivi. Hita inakuwa juu ya kathodi ya 12AX7 na mvumo unaovuja kutoka hita kwenda kathodi unapungua. Haigharimu chochote, ni waya mmoja. Mimi hii naifanya kwenye kila ampu ya kathodi-bayasi, yaani ambayo tyubu ya pawa ina rezista kwenye kathodi kama hii.

Kama mvumo ni 100: filta na graundi

Anza na kapasita kwasababu ni rahisi. 5F1 ina tatu mfululizo: mikrofaradi 16, alafu rezista ya kilo-ohm 10, kapasita ya 8, rezista ya kilo-ohm 22, kapasita ya 8. Pima AC kwenye kila moja (hakikisha mita yako inakubali volti 600 na kwenye AC inazuia DC). Ya kwanza utaona volti kadhaa, hiyo ni kawaida. Ya pili inatakiwa iwe imeshuka sana, ya tatu ni milivolti. Kama ya pili au ya tatu bado ina volti nzima, hiyo kapasita imekufa au mguu wake wa graundi haujashika.

Njia ya haraka ya kuthibitisha: zima, mwaga chaji, bandika kapasita nzima ya mikrofaradi 22, volti 450, sambamba na unayoishuku kwa klipu, chanya kwa chanya, washa usikilize. Kelele ikishuka umeipata. Zima na mwaga tena kabla hujaitoa. Kapasita za kuokoteza kwenye TV za kichogo zinafaa kwa jaribio hili, ila kuzifunga moja kwa moja sishauri, umri wake hauujui. Ukienda kununua, iwe Kariakoo au Luthuli Avenue, nunua zilizoandikwa 450V na nyuzi 105, na ukifika nyumbani zipime kabla hujazifunga.

Na usije ukasema basi naweka mikrofaradi 100 ya kwanza nimalize kazi. 5Y3 haipendi kapasita kubwa mbele yake, inavutwa mkondo mkubwa kwa mkupuo na kufa mapema. Kaa karibu na 20. Ukitaka zaidi, ongeza kwenye hatua zinazofuata.

Sasa graundi, ambayo kwa kweli ndo kesi nyingi. Kosa ni hili: mkondo mkubwa wa kuchaji kapasita ya kwanza unapita kwenye chasisi au kwenye waya uleule ambao tyubu ya kwanza inautumia kama sifuri yake. Waya wowote una ukinzani kidogo, mkondo ukipita unatengeneza milivolti, na hizo milivolti tyubu ya kwanza inaziona kama sauti ya gitaa inazikuza. Sauti yake sio mmmm laini, ni zzzzz yenye makali, kwasababu huo mkondo unakuja kwa vipigo.

Jinsi ya kuiunga: waya wa katikati wa volti kubwa wa transfoma uende moja kwa moja kwenye mguu hasi wa kapasita ya kwanza. Sio kwenye chasisi, kwenye mguu wenyewe. Hapohapo ije graundi ya kathodi ya 6V6 na ya transfoma ya spika. Kutoka hapo waya mmoja uende kwenye hasi ya kapasita ya pili, kutoka hapo waya mmoja kwenye hasi ya tatu, ambapo zinakuja graundi za 12AX7, za volyumu na za jeki ya kuingizia. Na mzunguko wote unagusa chasisi sehemu MOJA tu, karibu na jeki ya kuingizia.

Hiyo "moja tu" ndo inawashinda watu kwasababu jeki za chuma zenyewe zinagusa chasisi zikifungwa. Ukiwa na jeki ya kuingizia na jeki ya spika zote za chuma umeshapata sehemu mbili. Tumia za plastiki, au weka washa za kuzuia umeme kwenye jeki ya spika. Kuhakikisha: zima, mwaga chaji, fungua ile sehemu moja, pima ohm kati ya graundi ya saketi na chasisi. Inatakiwa isome hakuna muunganiko. Ikisoma ohm sifuri kuna mahali pengine panagusa, tafuta mpaka upaone, alafu ndo urudishe.

Kama umeweka daiodi za silikoni badala ya 5Y3 na una zzzz kali isiyosikia dawa, badilisha 1N4007 uweke UF4007 ambazo zinafunga haraka. Daiodi zinatoa volti nyingi kuliko tyubu, angalia kapasita zako zinavumilia.

Hatua ya 4: nyamazisha gridi moja moja

Kama kelele iko kwenye 12AX7 na hujui ni nusu ipi, chukua waya wenye klipu, upande mmoja graundi, upande mwingine gusa pini 7, alafu pini 2. Hizo ni gridi, zina DC karibu sifuri, kuziunga graundi hakudhuru. Ukigusa ya nusu ya pili kelele ikabaki, chanzo kiko baada yake, kuelekea spika. Ikifa, chanzo kiko kabla yake, upande wa jeki. Usikosee ukagusa pini 1 au 6, hizo ni pleti (pale sauti iliyokuzwa inapotokea), zina DC ya volti 100 na kitu mpaka 200. Hesabu pini kutoka chini ya soketi, kwa mwelekeo wa saa, kuanzia kwenye pengo.

Ssss, krk krk na wengine

Ssss kidogo ukiwa volyumu juu ni asili, rezista yoyote yenye joto inatoa kelele. Ikizidi, badilisha 12AX7 kwanza, na hapa ndo nakubali kubadilisha tyubu kwasababu zinatofautiana sana hata za boksi moja. Alafu rezista ya pleti ya kilo-ohm 100 ya nusu ya kwanza, kama uliweka ya kaboni ya zamani kwa ajili ya "sauti ya kizamani", weka ya metali film ya wati 1. Hakuna atakayesikia utofauti wa sauti, watasikia ukimya.

Krk krk ni muunganiko. Chukua kijiti cha mishikaki kikavu, washa ampu, gonga na sukuma kila sehemu ulipolehemu, kila waya, kila kapasita. Taratibu. Ukifika penyewe ampu itakujibu, wakati mwingine sehemu inang'aa vizuri kabisa juu ila chini yake mguu wa rezista unacheza ndani ya risasi. Yeyusha upya, ongeza risasi mpya kidogo. Pini za soketi nazo zinalegea, zima na zibane kwa sindano.

Volyumu ikikwaruza ukiizungusha usikimbilie dawa ya kusafishia, pima DC kwanza kwenye mguu wake wa juu. Inatakiwa iwe sifuri. Ukikuta volti, kapasita ya 0.02 kabla yake inavuja, ibadilishe. Pima na pini 5 ya 6V6 hivyohivyo, pale kapasita ikivuja tyubu inaiva nyekundu kwenye pleti na inaondoka na transfoma.

Mluzi au mlio mkubwa mara tu ampu ikipata moto, mara ya kwanza kabisa kuiwasha: zima haraka. Karibu kila mara ni ule waya wa fidbaki unaorudisha sauti nyuma, wenye rezista ya kilo-ohm 22, kutoka kwenye spika kwenda kathodi ya nusu ya pili, umekuja kinyume. Badilishana waya mbili za upande wa spika wa transfoma, basi. Kama mluzi unakuja volyumu ikiwa juu tu, waya wa kwenda pleti ya 6V6 uko karibu na waya wa kuingia, usogeze kwa kijiti usikilize. Rezista ya kilo-ohm 1.5 kwenye pini 5 ya 6V6, imelehemiwa pinini kabisa, inatuliza mengi.

Put-put-put: kapasita ya filta ya tatu au ya pili haifanyi kazi, hatua zinasikizana kupitia laini ya DC.

Redio inaingia, unasikia mtangazaji: rezista ya kilo-ohm 68 ya kuingilia ihamishe kutoka kwenye jeki uilehemu juu ya pini 2 yenyewe, na waya wa kuja hapo uwe wa shildi, shildi imeungwa graundi upande mmoja tu.

Ting ting ukigusa tyubu kwa penseli: tyubu hiyo imekuwa maiki. Ihamishe sehemu isiyo na ukuzaji mkubwa kama ampu yako ina tyubu nyingi, kwenye 5F1 hamna pa kuihamishia, weka nyingine.

Mvumo unaobaki

5F1 ina tyubu moja ya pawa, na umeme wake wa pleti unatoka kwenye kapasita ya kwanza kabisa ambayo ina mawimbi mengi. Ampu za tyubu mbili za kusukuma na kuvuta, hayo mawimbi yanafutana ndani ya transfoma ya spika, hii haina wa kufutana naye. Kwahiyo ukiweka sikio kwenye spika utasikia kamvumo ka 100, hata kila kitu kikiwa sawa. Ukiwa hatua mbili mbali kwenye chumba kimya na bado unakasikia na kanakukera, weka choki (koili ya kuchuja mawimbi) ya henri 4 ya miliampia 90 baada ya kapasita ya kwanza, ifuatiwe na kapasita ya 22, na transfoma ya spika ichukue umeme hapo. Hiyo inapunguza mawimbi zaidi ya mara 30. Kama choki haipatikani, rezista ya ohm 150 ya wati 5 mahali pake inapunguza kama nusu tu, ila nayo inasikika.

Ukimaliza, irudishe kwenye boksi na upime tena kabla ya kufunga skrubu zote. Chasisi ya hizi ampu upande mmoja iko wazi na inafunikwa na ubao, na ubao hauzuii chochote, mvumo ulioumaliza juu ya meza unaweza kurudi ukiweka ampu karibu na taa au friji. Gundisha karatasi ya alumini ndani ya huo ubao, iguse mdomo wa chasisi pande zote, isiguse soketi wala waya wowote, pembe zake uzikunje zisije zikaning'inia zikaangukia kwenye volti 300.